Barua ya wazi: Ukumbi wa Murumbi ukipewa wakfu, mkataba uwekwe hadharani

Kwa Waziri anayesimamia Utamaduni na Turathi,
Kwa Mkurugenzi wa Idara ya Nyaraka za Taifa,
Na kwa yeyote atakayeketi kama mdhamini.

KUH: UENDESHAJI WA MAKUMBUSHO NDANI YA JUMBA LA NYARAKA, MOI AVENUE, NAIROBI

Waheshimiwa,

Pita mbele ya Jumba la Nyaraka za Taifa saa kumi na moja jioni, utadhani ndani kuna maonyesho yanayogombewa na jiji zima. Watu wamejaa ngazini, wengine wameegemea ukuta, wengine wamesogea hadi kwenye sanamu ya Tom Mboya. Karibu wote wanamngoja mtu. Sijui mkazi wa Nairobi ambaye hajawahi kumwambia mwenzake wakutane hapo, ila nawajua wengi ambao hawajawahi kuvuka mlango. Na nyuma ya ukuta wanaouegemea, sakafu ya chini, ndipo ulipo Ukumbi wa Murumbi, wenye vinyago, nguo, vito, silaha, stempu na vyombo vya watu wa pande nyingi za bara hili, vilivyokusanywa na mtu mmoja na mkewe kwa miaka mingi.

Nina pendekezo na nina onyo. Pendekezo ni kwamba shughuli za kila siku za ukumbi huo zikabidhiwe shirika lisilolenga faida, wakfu wenye wadhamini wanaojulikana kwa majina, huku serikali ikibaki mwenye mali na mwenye jumba. Onyo ni kwamba jambo hili lisifanywe kwa kupeana mikono na kupigwa picha. Lifanywe kwa mkataba wenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, ambao mwananchi yeyote akiutaka anapewa nakala aisome.

Sababu ya onyo hilo inapatikana katika maisha ya mtu ambaye ukumbi umepewa jina lake.

Joseph Murumbi alizaliwa mwaka 1911, Eldama Ravine, baba yake akiwa mfanyabiashara Mgoa na mama yake Mmaasai. Alisomea India, akarudi, na viongozi wa KAU (Kenya African Union), chama cha siasa cha Waafrika wakati wa ukoloni, walipokamatwa mwaka 1952 akabeba kazi ya katibu mkuu wa chama. Baadaye alikimbilia ng'ambo, akaishi London. Baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na mwaka 1966 akawa Makamu wa Rais wa pili wa nchi hii, cheo alichokiacha mwaka huohuo. Alipoacha siasa hakuacha kukusanya. Yeye na mkewe Sheila walikuwa na maelfu ya vitabu, vingi vikiwa vimechapwa kabla ya mwaka 1900, na barua, na kazi za sanaa, na mkusanyo wa stempu za Afrika ambao wajuzi wa mambo hayo bado wanauzungumzia. Miaka ya 1970, pamoja na Mmarekani Alan Donovan, alianzisha jumba la sanaa la African Heritage hapa Nairobi.

Watu wa nje walitaka kuununua mkusanyo ule. Murumbi akaona ubaki Kenya, akaiuzia serikali yake, pamoja na nyumba yake ya Muthaiga. Makusudio yalikuwa nyumba ile igeuzwe kituo cha masomo ya Afrika, mahali pa kusomea na kufanyia utafiti. Kituo hakikuwahi kuwako. Nyumba iliachwa ikachakaa, kisha ikabomolewa. Mwenyewe alifariki mwaka 1990, akazikwa City Park karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyeuawa mwaka 1965.

Sifukui kaburi la mtu kwa kusimulia haya. Waliokuwa ofisini wakati ule wameondoka, na waliopo leo hawahusiki na uamuzi ule. Hapo ndipo penye tatizo. Aliyeahidi akihama ofisi, ahadi huhama naye, na anayekuja hukuta kiwanja kizuri chenye nyumba kuukuu. Mkusanyo wenyewe ulipona kwa sababu ulikuwa na pa kwenda, yaani jengo hili lililoanza maisha kama benki, pamoja na idara iliyokuwa na sheria yake tangu mwaka 1965. Kilichokuwa na sheria nyuma yake kilibaki. Kilichotegemea nia njema kilikwisha. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba wakfu na serikali "wanaelewana vizuri," namuuliza wameelewana kwenye karatasi ipi.

Kwa nini basi wakfu? Kwa nini serikali isiendeshe yenyewe? Wapo wenzangu wanaoamini kwamba kila kinachotolewa mikononi mwa serikali kimeibwa, na sitawacheka, kwa kuwa historia yetu ya mali ya umma imewapa sababu. Hata hivyo, kuendesha makumbusho na kutunza nyaraka ni kazi mbili tofauti. Mtunza nyaraka amesomea kupokea mafaili ya wizara, kuyapanga, kuyakinga na mchwa na unyevu, na kuhakikisha kwamba mtafiti anayeomba faili analipata lilelile lililoandikwa miaka hiyo. Ukimwongezea kazi ya kubuni maonyesho, kuuza kadi za posta, kuwapokea wanafunzi mia mbili asubuhi moja na kutafuta mfadhili wa taa mpya, umemwibia muda, na kitakachoumia ni lile faili. Tena mfadhili wa taa mpya hapendi kuandika hundi kwa jina la wizara. Hupenda kumpa wakfu wenye hesabu zinazokaguliwa, anaoweza kuuliza pesa zake zilifanya nini.

Wala si jambo geni. Wakfu wenye jina la Murumbi ulishashirikiana na serikali kuutengeneza ukumbi huu, na pia kuweka bustani ya ukumbusho pale City Park. Washington, Marekani, jumba la nyaraka za taifa lina makumbusho ambayo watu huingia bure, na kando yake kuna wakfu usiolenga faida unaotafuta fedha, unaosaidia maonyesho na unaoendesha duka. Nyaraka zenyewe, pamoja na lile Tangazo la Uhuru wao, ziko chini ya idara ya serikali, na wakfu hauwezi kuhamisha hata ukurasa mmoja. Mji wa York, Uingereza, ulikwenda mbali zaidi. Mwaka 2002 halmashauri iliukabidhi wakfu uendeshaji wa makumbusho yake yote, ila majengo na mikusanyo ikabaki mali ya halmashauri.

Mfano unaonitia hofu ni wa Detroit, Marekani. Makumbusho ya sanaa ya jiji lile yalikuwa na mpangilio kama huu ninaoupendekeza: jiji ndilo mwenye mali, shirika lisilolenga faida ndilo mwendeshaji. Mwaka 2013 jiji likatangaza kufilisika, na wadai wakageuza macho kuelekea ukutani kwenye picha. Kampuni ya mnada ikaitwa kuthamini. Picha ziliokolewa na ahadi za zaidi ya dola milioni 800, kutoka kwa wafadhili, jimbo na makumbusho yenyewe, zitakazolipwa kwa miaka 20, na mwishowe umiliki ukahamishiwa shirika lile ili wadai wa jiji wasiweze kuugusa tena.

Wengine wataona hapo sababu ya kuupa wakfu umiliki tangu mwanzo. Mimi sioni hivyo. Wakfu nao hufilisika, na wadhamini nao hugombana. Ninachokiona ni kwamba kusema tu "ni mali ya serikali" hakutoshi. Mwenye mali mwenyewe afungwe mikono asiweze kuuza wala kuweka rehani. Chombo cha kufanyia hivyo mnacho tayari, Mheshimiwa Waziri: Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inakupa uwezo wa kutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba kitu chenye thamani ya kihistoria ni kitu kinacholindwa. Kabla wakfu wowote haujapewa ufunguo, mkusanyo wa Murumbi utangazwe hivyo, kipande kwa kipande.

Kipande kwa kipande kunahitaji orodha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na makumbusho mengi duniani yamejifunza hilo baada ya vitu kuonekana vikiuzwa ng'ambo. Kila kinyago, kila mkufu na kila stempu ipigwe picha, ipimwe, iandikwe hali yake na mahali ilipo. Nakala moja ibaki kwenu, ya pili iwe kwa wakfu, na ya tatu kwa Makumbusho ya Taifa, ambao tayari wanatunza sehemu nyingine ya vitu vya Murumbi pale Nairobi Gallery, ile ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa. (Siku moja mtu mwenye subira atueleze kwa nini vitu vya mtu mmoja vinaishi katika majengo mawili ya jiji moja chini ya taasisi mbili. Si mada ya leo.) Ukaguzi urudiwe kila mwaka, na anayekagua asiwe mfanyakazi wa wakfu wala wa idara. Kazi hii inachosha na haina picha nzuri za kuweka magazetini, na ndiyo maana naitaka iwe sharti la kwanza, lisilosubiri mfadhili.

Sasa pesa. Hapa naomba msome polepole, kwa kuwa mikataba mingi ya namna hii huvunjikia hapa.

Kifungu cha 206 cha Katiba kinasema fedha zinazokusanywa au kupokewa na serikali ya kitaifa ziingie katika hazina kuu, isipokuwa zile ambazo sheria ya Bunge imeruhusu ziwekwe katika mfuko mwingine wa umma au zibaki na taasisi iliyozipokea kwa ajili ya gharama zake. Juu ya hilo, tangu mwaka 2023 malipo ya huduma za serikali yameelekezwa kwenye nambari moja ya eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, yaani 222222. Haya, mgeni amefika langoni na kiingilio mkononi. Pesa hiyo ni ya nani? Ikiwa ni ada ya serikali, itapanda hadi hazina, na wakfu utakaa mwaka mzima ukiiandikia wizara barua za kuomba ya kununulia balbu. Ikiwa ni mapato ya wakfu, mwananchi atauliza kwa haki kwa nini alilipe shirika la watu binafsi ili aone mali iliyonunuliwa kwa kodi yake.

Jibu langu ni kwamba kiingilio kibaki cha serikali, kilipwe kwa njia ya serikali, na wakfu usikiguse. Serikali nayo iendelee kulipa vitu vinavyofuata jengo: paa, umeme, maji, walinzi, bima. Wakfu uishi kwa michango, kwa ada za wanachama wake, kwa ziara maalumu na kwa duka, katika akaunti yake yenyewe. Mwenye nyumba anatengeneza paa, mpangaji ananunua mapazia. Tukichanganya hapo, mvua itanyesha ndani huku kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole.

Duka hilo msilidharau. Jumba limejaa picha, ramani na mabango ambayo watu wangependa kuyatundika sebuleni. Lakini haki ya kunakili isipewe wakfu peke yake. Mwanafunzi anayetaka picha ya reli kwa ajili ya tasnifu yake, au mwandishi wa kitabu cha shule, asiambiwe kwamba taswira ile sasa "ni ya wakfu" na ina bei. Wakfu uuze nakala nzuri zilizochapwa kwenye karatasi nzuri, na nyaraka za umma zibaki wazi kwa umma kama zilivyokuwa.

Kuhusu ukaguzi sitasema mengi, kwa kuwa sheria imeshasema. Kifungu cha 229 cha Katiba kinamruhusu Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kukagua taasisi yoyote inayopata fedha za umma. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Mei 2024, ina masharti yake kuhusu usajili na taarifa za fedha. Wakfu uandikishwe chini yake. Ukitaka njia nyingine, ueleze kwa nini.

Lakini kuna jambo ambalo sheria hizo haziligusi, nalo linaninyima raha kuliko mengine yote. Makumbusho ndani ya jumba la nyaraka yanaweza kulimeza jumba la nyaraka.

Huanza taratibu. Wakfu unahitaji mapato, na ukumbi wenye nguzo na dari ndefu katikati ya jiji ni mahali pazuri pa hafla. Leo ni uzinduzi wa kitabu, kesho ni chakula cha jioni cha kampuni, kesho kutwa ni arusi. Chakula huleta mende na panya, na mende hajali kama anachotafuna ni mkate au daftari la mahakama la mwaka 1920. Taa za hafla ni kali, wakati watunzaji wa makumbusho hushauri karatasi na nguo za kale zisipewe mwanga unaozidi takriban laksi 50, laksi ikiwa kipimo cha mwanga. Jiko la gesi, waya za spika, mshumaa mmoja mezani, vyote viko chini ya ghorofa zilizojaa karatasi. Aprili 2021 moto uliunguza maktaba ya Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza sehemu kubwa ya vitabu vya masomo ya Afrika. Vilivyokuwa ghala la chini vilikingwa na milango ya kuzuia moto iliyoshuka yenyewe. Bila milango ile, wanahistoria wa kusini mwa Afrika wangekuwa wanaomboleza zaidi ya wanavyoomboleza.

Kwa hiyo mkataba uandike bila kupepesa: hakuna upishi ndani ya jumba, hakuna moto wa aina yoyote, hakuna hafla usiku bila ofisa wa idara kuwepo na kuwa na mamlaka ya kuisimamisha. Na chumba cha kusomea kisipunguzwe hata meza moja ili kupanua maonyesho. Mtafiti mmoja aliyeinamia faili haonekani wa maana kando ya basi la watalii, lakini jumba lilianzishwa kwa ajili yake. Tusisahau pia kwamba sehemu ya nyaraka zetu bado tunaidai. Waingereza walipoondoka walibeba mafaili, wakayaficha, na mwaka 2011 ndipo walipokiri, wakati wazee wa Mau Mau wakiwa mahakamani London, kwamba mafaili kama 1,500 ya Kenya yalikuwa yamehifadhiwa Hanslope Park, Uingereza. Siku yatakaporudi, yakute rafu. Yasikute duka la kahawa.

Nani ataamua kinachotundikwa ukutani? Swali hili wafadhili hulijibu kwa upole na kwa hundi. Kampuni ya mashamba haitafurahia maonyesho kuhusu ardhi iliyonyang'anywa, balozi fulani hatafurahia picha za kambi za vizuizi, na waziri fulani wa siku zijazo hatafurahia magazeti ya miaka ya 1980. Wote wanaweza kutoa pesa, au kuzizuia. Naomba uamuzi wa maudhui uwe wa kamati ya wanahistoria, watunza nyaraka na walimu, iliyotajwa ndani ya mkataba, ambayo wafadhili hawakai na waziri hateui peke yake. Mfadhili ashukuriwe kwa kibao kidogo chenye jina lake. Jina la ukumbi libaki la Murumbi, hata aje mtu na milioni ngapi.

Nawaomba pia neno kuhusu watoto. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya upili, na najua ziara ya jumba hili inavyokufa: nauli imepatikana, ruhusa imepatikana, kisha kiingilio cha darasa zima kinakosekana. Mwanafunzi mwenye sare ya shule aingie bure siku za wiki, muhula mzima, na wakfu upimwe kwa hilo. Nasema hivyo nikijua wafadhili wa elimu ndio rahisi kupatikana kuliko wote, kwa hiyo hakuna atakayepata hasara.

Muda wa mkataba usizidi miaka mitano, unaoweza kuongezwa baada ya tathmini iliyotangazwa. Wadhamini wasiwe ndugu wa maofisa wa idara. Siku wakfu utakapovunjika, kwa maana mashirika huvunjika, kila kilichonunuliwa kwa ajili ya ukumbi, kuanzia kabati za vioo hadi kompyuta zenye ile orodha, kibaki ukumbini.

Nakuja sasa kwenye ninachowaomba mara moja. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa taasisi ya umma, na inawapa ninyi siku 21 za kujibu. Haiishii kwenu tu, kwani inazigusa pia taasisi za binafsi zinazotumia fedha za umma au zinazotoa huduma ya umma, kwa hiyo wakfu hautakuwa na pazia la kujificha nyuma yake. Kwa sheria hiyo naomba nakala ya makubaliano yoyote ya maandishi yaliyopo kati ya serikali na shirika lolote kuhusu Ukumbi wa Murumbi, nakala ya hati ya mauziano ya mkusanyo wenyewe, na orodha ya vitu vilivyomo kama ilivyokaguliwa mara ya mwisho. Ombi rasmi lenye jina na nambari yangu ya kitambulisho nitalileta kwenye meza yenu ya mapokezi, na nitabaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Wenu,
Mwalimu wa historia, Nairobi